Mashine Ilinizalisha Nikiwa na Miaka Sitini na Saba

Kwa wale ambao hatukuonana wiki iliyopita, nitawarudisha nyuma kidogo, kisha tutatembea pamoja.

Mimi ni Pascaline, Mama Nsimire kwa majirani, koko wa wajukuu tisa. Ninakaa Kadutu, pale njia inapopanda hadi magoti yanaomba msamaha. Mume wangu ni Patrice, katekista wa zamani. Tangu mwezi wa tano anatembea na mpira wa kukojolea na kifuko chake chini ya koti, kwa sababu ya prostate, ile tezi ya wanaume wazee. Daktari bingwa wa kuipasua anafika Bukavu mara moja kila miezi mitatu, na safari hii anafanya kazi hadi Ijumaa. Daktari wetu wa kila siku alishatuambia kwamba figo za Patrice hazitamngoja mara nyingine.

Wiki iliyopita niliungama pia kosa langu. Mwezi wa sita jirani yangu Joviale alishikwa na uchungu wa kuzaa siku mbili. Mume wake yuko Shabunda na simu yake haipiti. Hospitali ikamwomba karti ya mutuelle, chama chetu cha kulipiana matibabu, kabla ya kumpasua. Hakuwa nayo. Nikampa yangu.

Sikufikiri sana. Kwetu tunaazimana moto wa makaa, chumvi, viatu vya kwendea misa. Karti ni nyepesi kuliko viatu.

Mtoto alitoka mzima, msichana, akaitwa Asifiwe. Karti ilirudi kwangu imefungwa katika kitambaa kilichofuliwa, pamoja na ndizi tatu. Nikadhani yameisha.

Jumanne asubuhi nikashuka kwenye ofisi ya mutuelle yetu, Tuchungane, kuomba bon ya kumpasua Patrice. Bon ni ile karatasi ambayo hospitali inaitazama kabla ya kukutazama wewe.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya karani Didier peke yake. Alikuwa na rejista moja ndefu, kalamu moja na muhuri mmoja. Ukifika anakuuliza habari ya goti, anaandika, anagonga muhuri, unakwenda.

Tangu mwezi wa kwanza tuna mashine. Walitutangazia kanisani kwamba inajibu kila ombi kwa sekunde nne, na ni kweli. Ila kabla ya sekunde hizo nne, Didier anaandika ombi kwa mkono, Larissa, msaidizi wake mpya, analiingiza kwenye mashine, mashine inatoa karatasi, Didier anagonga muhuri kwenye karatasi, na Larissa anapiga picha ya muhuri ili mashine iuone. Kazi ya mtu mmoja sasa ina watu wawili, betri ya gari, na foleni hadi kwenye ngazi.

Didier aliponiona alisimama, akanipa kiti chake.

"Maman Nsimire, ikala. Mguu ile si ya kusimama mulolongo."

Hakuna aliyenung'unika katika foleni. Mama mmoja muuza ndagala, vile visamaki vya kukausha, hata alinishikia kikapu.

Larissa ni msichana aliyesomea mambo ya mashine Goma. Ana kucha ndefu nyekundu, na anaandika nazo bila kukosea. Akaingiza jina la Patrice. Tukahesabu sekunde nne.

"Imekataa," akasema.

"Inakataa nini, binti yangu?"

"Ngoja nisome. 'Familia imesimamishwa. Mutoto muchanga hakuandikishwa mu siku makumi tatu.'"

"Mutoto gani?"

Larissa akageuza kioo ili nione mwenyewe. Sikuwa na miwani, lakini nilijua kinachosema.

"Mutoto yako, koko. Ulizaa mwezi wa sita, kwa césarienne. Mashini ililipa yote. Félicitations."

Foleni nzima ikanitazama tumbo. Kisha nikamsikia muuza ndagala nyuma yangu.

"Sara wa mu Biblia alikuwa na makumi tisa," akasema polepole. "Huyu iko bado kijana."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana mtu akicheka hatazamwi sana usoni. Didier alikohoa, akakohoa tena, akasema anakwenda kuangalia betri. Aliponipita alinigusa bega. Nikamfuata.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na thermos yake. Akanimiminia chai katika kifuniko, akaniwekea sukari bila kuniuliza, kwa sababu anakumbuka ninavyokunywa.

"Ni Joviale?" akauliza.

Nikanywa chai.

"Sawa, usijibu. Zamani ningeona maternité kwa jina yako, ningecheka mupaka machozi, kiisha ningekuita tusemezane. Hii mashini haichekake. Ilikubali."

"Haikuona miaka yangu?"

"Iliona. Haijue tu kama mwanamuke wa makumi sita na saba hazalake. Hakuna mutu aliiambia."

"Sasa si umuambie."

"Nani, miye? Miye niko na ruhusa ya kugonga muhuri."

"Na Larissa?"

"Larissa iko na ruhusa ya kuingiza. Kutoa kitu yenye iliishaingia, inaomba mutu wa juu zaidi."

"Nani?"

Didier akatazama ukuta kama vile jibu limeandikwa pale.

"Maman, kuko njia mbili tu. Njia ya kwanza, unaandika barua, unasema hukuzaa, karti uliazima mutu. Barua inaenda kwa comité de contrôle. Président wa comité anasoma, anatia sinyatire chini ya barua, mashini inafungua."

"Président ninamujua," nikasema. "Ninamufuliaka suruali."

Ndiyo, wasomaji wangu. Msimamizi wa kamati ya kukagua wanachama wa Tuchungane ni Patrice, mume wangu wa miaka arobaini na minane. Article ya sita ya sheria zetu aliiandika yeye mwenyewe. Mwenye kuazima karti yake, familia nzima inatolewa mwaka mmoja. Aliisoma mbele ya altare baada ya misa ya pili, kwa ile sauti yake ya Ijumaa Kuu, na watoto wadogo wakaanza kulia.

"Nikiandika ile barua, tunatoka," nikasema. "Tukitoka, hapasuliwe."

"Njo vile."

"Na njia ya pili?"

Didier akafunga thermos taratibu, hakutaka kuniangalia.

"Unaandikisha mutoto."

Nilipopanda nyumbani nilimkuta Patrice mlangoni na simu mkononi. Alikuwa amevaa miwani, na uso wake ulikuwa uso wa kikao.

Namba iliyoandikwa katika mutuelle ni yake. Mimi sina simu.

"Mama Nsimire," akasema, "sikiliza hii." Akasoma. "'Pongezi mama Pascaline. Mtoto wako ametimiza wiki sita. Mlete apate chanjo. Mnyonyeshe bila kumpa kitu kingine.'"

Akasoma mara ya pili, kwa sauti ya juu zaidi, kama vile mtoto huyo angeweza kujitokeza kutoka chini ya kitanda.

Nikaweka kikapu chini. "Hiyo mashini imechoka."

"Hapana. Mashini haichokake. Mashini inasema yenye iliona." Alitoa miwani. "Kuko mutu alizaa na jina yako. Unaelewa? Mwizi. Alikamata numéro yako, akaenda kuzaa nayo."

"Labda alikuwa na taabu."

"Mwizi wote biko na taabu. Kamata bic."

"Papa Nsimire, kwanza tupate bon."

"Kamata bic. Utapeleka pamoja na bon."

Nikakamata. Mwandiko wangu ni mzuri, masista walinifundisha miaka minne, na tangu vidole vyake vianze kutetemeka ni mimi ninayeandika barua zake zote za kamati. Akasimama, mkono mmoja umeshika kifuko chini ya koti, akaanza kusema, nami nikawa ninaandika.

"Mimi, Pascaline, muke wa président, ninashitaki mutu asiyejulikana, aliyetumia karti yangu kwa siri, mutu bila haya wala woga wa Mungu."

"Tuweke yote mbili?" nikauliza. "Haya na woga?"

"Weka yote mbili."

Nikaweka yote mbili.

"Na yeyote aliyemusaidia, mwenye roho ya giza."

Nikaandika roho ya giza. Kisha nikatia sahihi yangu chini, mimi mshitaki, mimi mwenye roho ya giza, kwenye karatasi moja.

Nilitaka kumwambia palepale. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa ameinama kufunga kifuko chake kwa kamba, mafundo mawili, na nilijua kwa nini. Usiku uliopita kilimwagika kidogo, na hakutaka nifue shuka tena. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu havikuingia, akavaa kandambili zangu za bluu. Akaniangalia.

"Ulikula?" akaniuliza.

Mtu anakuita roho ya giza bila kujua, kisha anakuuliza kama umekula. Nikafunga mdomo. Barua nikaifukia ndani ya unga wa muhogo.

Jumatano nilikwenda kwa Joviale. Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ukuta wa mbao na kamba moja ya nguo. Alikuwa ananyonyesha.

"Joviale, nimekuja kukuomba kitu kibaya."

"Sema, koko."

"Ninaomba mutoto."

Akanitazama. Kisha akaangalia kichwa cha Asifiwe, kile chenye nywele laini kama moshi. Nikamweleza yote, bila kuruka, hata ile barua. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo," akasema, "mu karatasi Asifiwe atakuwa wako."

"Mu karatasi ya mutuelle. Mupaka tujue vile tutafanya."

"Na mi nikitaka siku moja kuingia mutuelle naye?"

Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa njia nzima, na ilikuwa njia ya hatua kumi.

Mtoto akaachia titi, akapiga kelele kidogo, akalirudia. Joviale akacheka.

"Unaona? Yeye anajua mwenyewe. Karatasi ibakie na weye, koko. Maziwa iko kwangu." Akainuka, akachukua kitenge cha kumbebea. "Papa Patrice alinifundishaka katekismu. Alinipatia dawa ya dhambi zote saba. Twende."

Katika ofisi Larissa alitueleza kwamba mashine inataka picha ya mama na mtoto, na majibu ya maswali kumi na mawili. Joviale akanipa Asifiwe, akasimama pembeni kama mpita njia.

Picha ya kwanza ilikataliwa. Mashine ilisema haioni uso wa mama. Nikaondoa kilemba. Ya pili ilikataliwa pia, maana sasa haikumwona mtoto, ilidhani nywele zangu nyeupe ni blanketi. Ya tatu ikakubali.

"Sasa maswali," Larissa akasema. "Mutoto ananyonya titi ao kopo?"

"Titi," nikasema. Haikuwa uongo.

"Kilo zake?"

"Ine na nusu," Joviale akasema kutoka pembeni.

Larissa akaandika.

"Mama, damu ya mwezi uliionaka mara ya mwisho lini?"

Foleni ikategea sikio. Nikafikiri kwa uaminifu.

"Ni mwaka ile volkano iliunguza Goma."

"Ya juzi?"

"Hapana. Ile ya kwanza. Mwaka elfu mbili na mbili."

Didier akageuka kuelekea dirishani, mabega yake yanatikisika. Larissa hakucheka. Akaandika kitu kifupi.

"Umeweka nini?" nikamuuliza.

"Nimeweka 'hakumbuki'. Inakubalika."

Asifiwe akaanza kulia. Nilimtikisa, nilimwimbia, hakutaka. Mimi koko wa tisa ninajua kilio cha njaa. Nikamwona Larissa akinitazama, kisha akamtazama Joviale, ambaye kifua cha blauzi yake kilikuwa kimelowa madoa mawili ya duara. Mashine ilikuwa bado ina swali moja kwenye kioo. *Je, unathibitisha kuwa wewe ni mama wa mtoto huyu?*

Kidole chekundu cha Larissa kilisimama hewani.

"Koko," akasema, "umufunike muzuri. Kuko baridi."

Na akabonyeza yeye mwenyewe. Hakunifanya niseme ndiyo. Hadi leo ninamwombea yule binti kila jioni, na kucha zake.

Sekunde nne. Mashine ikatoa bon ya Patrice, yenye kile kiraka cha vidoti vyeusi ambacho hospitali inakisoma. Didier akagonga muhuri kwa nguvu, Larissa akapiga picha ya muhuri, na foleni ikapiga makofi bila kujua inapigia nini.

Ijumaa tulifika hospitali saa mbili asubuhi. Dereva wa pikipiki aliteremka kilima chote polepole, akikwepa kila shimo, kwa sababu niliendelea kumwambia anabeba figo. Alikataa nyongeza niliyotaka kumpa. Akamshika Patrice mkono hadi ndani.

Wakamvalisha kanzu ile ya kijani inayofungwa nyuma na haifungiki. Wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu katika korido. Alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa tayari ndani.

Mume wangu ni mtu anayesoma. Anasoma hata karatasi iliyofungiwa sabuni. Nikamwachia bon mkononi, hilo ndilo kosa langu la siku ile, na yeye akavaa miwani akaanza juu hadi chini.

"Mama Nsimire."

"Karibu."

"Hapa wameandika familia ya watu tatu."

Nikashika chuma cha kitanda.

"'Patrice, muzee wa familia. Pascaline, muke. Asifiwe, binti.'" Akashusha karatasi. "Asifiwe ni ule wa Joviale."

"Ndiyo."

"Mutoto wa Joviale anafanya nini mu bon yangu?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti ya chini, pale kwenye korido, watu wanapita na ndoo na mabeseni. Nilimwambia siku mbili za uchungu, na karti, na ndizi tatu, na volkano. Nilimwambia kwamba barua yake iko ndani ya unga.

Kifuko chake kilikuwa kinaning'inia pembeni ya kitanda, nikakigeuza ili watu wasikione.

"Ulinifanya nikuite roho ya giza," akasema mwishowe.

"Uliniita mwenyewe. Mi niliandika tu."

"Angekuwa nani mungine, ningemutoa mu mutuelle siku hiyohiyo. Unajua?"

"Ninajua."

"Article haina muke. Haina ndugu. Karti si chumvi, Mama Nsimire. Mutu akiazima karti, anaiba wote wenye wanalipaka." Sauti ya Ijumaa Kuu ilikuwa inarudi, ingawa alikuwa amelala chali na miguu yake iko nje ya shuka. "Nikitoka humu ndani nikiwa muzima, utasimama mbele ya comité. Na ni miye nitakuuliza maswali."

"Sawa, Papa Nsimire. Pona kwanza."

"Mbele ya batu wote."

"Sawa."

Akanishika mkono. Vidole vilikuwa baridi. "Hiyo haimaanishe siko na wewe," akasema. "Inamaanisha article ni article."

Nilifurahi, niseme ukweli. Dhambi iliyosemwa ni nyepesi kuibeba. Nilikuwa tayari kutolewa mwaka, hata miwili, mradi atoke mle ndani akinigombeza.

Mlango ukafunguliwa, yule wa kwanza akatolewa. Muuguzi anayeitwa Adèle, mama mnene mwenye uso mwema, akaja na kile kibao cha kioo. Akaomba bon, akakiweka kioo juu ya vidoti vyeusi.

"Sekunde ine tu, papa, tunaingia."

Tukahesabu pamoja naye.

Adèle akakunja uso. Akapangusa kioo kwa kanzu yake, akaweka tena.

"Imekataa," akasema.

"Mutoto ameandikishwa," nikasema haraka. "Tulipiga foto mara tatu."

"Mutoto haina shida, koko. Mashini hii inasemaka kosa moja moja. Ukimaliza hii, njo inakuonyesha ingine." Akasoma akifuata kwa kidole. "'Operesheni hii ilishalipwa. Prostate ya mugonjwa Patrice ilitolewa mwezi wa pili, tarehe kumi na ine. Haiwezi kutolewa mara mbili.'"

Safari hii nilicheka kweli.

"Mwezi wa pili hakuwa hata mugonjwa. Alikuwa anapanda kilima na gunia ya makaa."

Daktari bingwa alichungulia mlangoni, mikono yake iko juu, imeshaoshwa. "Ni nini inatukawiza?"

"Docteur, mashini inasema huyu muzee hana prostate."

"Nimemupima mwenyewe asubuhi hii. Iko. Tena kubwa."

"Mashini inasema haiko, docteur."

"Basi umuulize mashini yeye anakojoaka namna gani," akasema, akarudi ndani.

Nikamgeukia Patrice ili naye aseme kitu, amwambie Adèle kwa ile sauti yake kwamba yeye ni président na mashine ina wazimu. Alikuwa ameshika ncha ya shuka na anaikunja, anaikunjua, anaikunja.

Katika miaka arobaini na minane sijawahi kumwona mume wangu akikosa mahali pa kuweka macho.

Mwezi wa pili. Nikaanza kuutafuta kichwani. Mwezi wa pili tulikuwa na mgeni, Kasongo, rafiki yake wa Walungu, aliyefundisha naye katekismu ujanani. Alikuja akiwa na malaria, hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Akaenda hospitali siku sita, akarudi kwetu, akalala wiki mbili. Nilimpikia uji wa mtama kila asubuhi. Alikuwa anatembea amepanua miguu, kama mtu aliyeshuka kutoka kwa farasi. Nilitaka kumketisha kwenye kiti cha mbao, na Patrice akatoka mbio kwenda kuazima mto kwa jirani. Nikafikiri moyoni, angalia vile mume wangu ana upole kwa mtu mwenye malaria.

"Papa Nsimire," nikasema.

Shuka ikakunjwa, ikakunjuliwa.

"Ilikuwa malaria ya wapi?"

"Angekufa," akasema. Sauti ya Ijumaa Kuu haikuwepo tena. "Mkojo ilikuwa imefunga siku tatu."

Adèle hakuelewa, au alielewa na alikuwa na adabu. Alimvutia shuka miguuni, akamfunika vidole.

"Musiogope," akasema. "Hii kosa inafunguka leo leo. Kama mutu mungine alitumia karti, comité de contrôle inaandika jina yake na jina ya mwenye alimuazima karti, président anatia sinyatire, mashini inaachilia. Ila inaomba haraka. Docteur anakamata boti ya Goma saa nane." Akatoa fomu mfukoni, akaikunjua juu ya kifua cha mgonjwa. "Shida ni kumupata président. Munajua fasi anakaa?"

Patrice, amelala katika kanzu iliyofunguka mgongoni, akainua mkono polepole.